Injini ya Chumba cha Wageni

Mama alikuwa anafika Jumamosi saa nne asubuhi, na hadi Ijumaa jioni chumba nilichomwandalia kilikuwa na injini katikati. Sisemi kijiinjini cha pampu ya maji. Nasema injini nzima ya gari la michezo, silinda nne na turbo yake, imekaa juu ya kitanda cha chuma ambacho mume wangu alikuwa amekikata miguu, akakichomelea upya na kukigeuza stendi. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani. Juu ya meza ya kioo niliyomwekea mama kwa ajili ya dawa zake na jagi la maji, pistoni nne zilikuwa zimejipanga kama vikombe.

"Kreni amesema anakuja kuitoa," mume wangu aliniambia.

"Amesema tangu Jumatano."

"Atakuja tu."

Kreni ni rafiki yake, pande la mtu, anayejipatia riziki kwa winchi ya minyororo na mabega yake. Akikuahidi kesho, wewe elewa ni mwezi huu. Hakuja.

Niseme kwanza injini hiyo ilifikaje ndani. Mume wangu ni fundi wa majokofu. Mimi ni mwalimu wa udereva: kutwa nzima nimekaa kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya pili, nambembeleza mtu mzima aachie klachi polepole. Kasi yangu ya kila siku ni ishirini kwa saa. Na kila mwaka, klabu ya magari inapofanya mashindano kwenye uwanja wa zamani wa ndege, nilikuwa nasimama kwenye uzio kutazama. Gari moja moja linazunguka mapipa, linapimwa muda, linatoka. Miaka mitano nimesimama pale, na kila nikirudi nyumbani nilikuwa sina la kuongea isipokuwa fulani alikata kona vibaya na fulani angechelewa kidogo kufunga breki.

Siku moja mume wangu alikwenda kutengeneza friza kwa mteja, akaona nyuma ya nyumba gari la milango miwili chini ya turubai. Lilikuwa na miaka minne halijawashwa. Injini ilikuwa imenoki, imeharibika kwa ndani, gereji zote zikamwambia mwenyewe aagize nyingine ng'ambo, naye akawa amechoka hata kulitazama. Mume wangu alirudi akanieleza habari hiyo huku anavua viatu, kama mtu asiye na haja. Usiku huohuo tukakubaliana. Pesa tulizokuwa tunajibana kuzikusanya kwa ajili ya makochi zikaenda kwenye gari, na sebule yetu ikabaki na viti vinne vya plastiki na heshima yake.

"Mimi nitaijenga," alisema. "Wewe utaendesha."

Mama yangu basi. Mama alikuwa sista mkuu wa chumba cha upasuaji kwa miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu. Hospitalini walimwita Sista Hesabu, kwa sababu hakuna daktari aliyethubutu kumshona mgonjwa kabla mama hajahesabu kila pamba na kila mkasi na kusema, "Zimetimia." Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho katika hospitali ya mjini kwetu, na daktari akamwamuru wiki sita: matone ya dawa kila baada ya saa nne, asiiname, asinyanyue kitu kizito, asiingize vumbi jichoni.

Kwa mume wangu, wiki sita na mama zilikuwa mtihani. Tangu tuoane, mama alimwita "Fundi." Hakuwa na ubaya naye. Lakini alilitamka neno hilo kama unavyomwita mtu aliyekuja kurekebisha kitu na baadaye ataondoka.

Nilimleta Jumamosi, jicho moja limefunikwa kwa kikombe cha plastiki na plasta. Kabla sijapata uongo wa kumsimamisha sebuleni, alisukuma mlango wa chumba. Akasimama. Mume wangu alikuwa nyuma yangu.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba." Mama hakugeuka. "Huyu mgonjwa ana siku ngapi?"

"Ana... nne, mama. Nilimfungua Jumanne."

"Siku nne yuko wazi, bila hata shuka?"

Mume wangu alinitazama. Mimi nikatazama dari.

"Na hizi?" Mama alinyoosha kidole kwenye beseni la kufulia lililojaa bolti. "Zimetoka wapi?"

"Sehemu mbalimbali, mama. Nazijua zote."

"Unazijua. Na ukiugua kesho, nani atazijua?"

Mama akavuta kiti cha plastiki, akakaa mlangoni, akaitazama injini kwa jicho lake moja kwa muda mrefu.

"Msimhamishe," alisema hatimaye. "Aliyefunguliwa hahamishwi ovyo. Nitalala chumbani kwenu."

Ndivyo mimi na mume wangu tulivyohamia sebuleni, godoro katikati ya viti vya plastiki, kwa wiki sita.

Jumatatu mama alinituma shuka jeupe kuukuu. Akaniamuru nilikate vipande kumi vinavyolingana, nikunje na kushona kingo zake ili nyuzi zisidondokee ndani ya injini, kisha niandike namba kwa kalamu ya wino, moja hadi kumi. Nyuma ya kalenda ya zamani alichora mistari miwili: vilivyoingia, vilivyotoka. Kila bolti ikaingia katika bahasha ndogo ya karatasi, ile ya kutilia vidonge, na juu yake mama akaandika kwa mwandiko wake wa kinesi mahali ilipotoka. Hakuruhusiwa kuinama, kwa hiyo kazi yote aliifanya kwa kukaa na kuamrisha, na hilo alikuwa analiweza kuliko kitu chochote duniani.

"Mama yako amenirudisha darasa la kwanza," mume wangu alininong'oneza jikoni.

"Mwambie basi."

"Nimwambie mimi? Mwambie wewe, ni mama yako."

Hakuna aliyemwambia. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikamkuta mume wangu bafuni ananawa mikono hadi viwiko, kucha kwa brashi, kabla ya kwenda kushika vyuma. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikaacha. Hakuwa anamfurahisha mtu. Alikuwa ameona kuwa vyuma vinataka hivyo.

Matone ya jicho nilikuwa nayatia mimi, asubuhi na jioni. Ya mchana yalikuwa tatizo. Mama alijaribu mwenyewe, yakawa yanaishia shavuni. Siku hiyo ya tatu mchana, ndivyo nilivyosimuliwa na wote wawili kila mmoja kwa wakati wake, mume wangu alinawa, akasimama mbele yake, akasema, "Mama, nipe hiyo chupa." Mama akasita. Kisha akainua uso. Mume wangu akatia tone moja katikati ya jicho, bila kugusa kope.

Nilipofika jioni na kuchukua chupa, mama alinizuia. "Mwache yeye. Wewe unatetemeka."

"Mimi?"

"Unatetemeka tangu utotoni. Yeye mkono umetulia."

Baada ya hapo walizoeana. Nikiwa kazini, wao ndio waliokuwa wakishinda na injini kabla mume wangu hajaenda kwa wateja wake. Mama alitaka kuelezwa kila kitu. Alimwuliza mgonjwa aliumwa nini hasa, naye akamwonyesha beringi za konrodi, ile mikono ya chuma inayobeba pistoni: vipande viwili vya chuma laini, vyembamba kama ukucha, vinavyokumbatia kranki, mhimili mkuu wa injini, inapozunguka. Tatu zilikuwa bado zinang'aa. Ya nne ilikuwa imelika hadi ikageuka rangi ya shaba, na konrodi yake imebadilika rangi kwa joto.

"Oili ilipungua," alimweleza. "Haikufika hapa. Chuma kikasugua chuma."

"Na dereva hakusikia?"

"Alisikia, mama. Akaongeza sauti ya redio."

Mama alisikitika kwa dhati, kama vile kamwona mtu huyo.

Waliokuwa na uwezo waliagiza konrodi mpya za chuma cha kufuliwa, bei yake inazidi gari letu zima. Mume wangu alipindua marundo ya chuma chakavu Jumamosi mbili, akapata konrodi za injini kama hiyo, nzima. Lakini hazikuwa na uzito mmoja. Akazipima kwenye mizani ya jikoni, ile ninayopimia unga. Nzito zaidi na nyepesi zaidi zilipishana gramu tisa. Akaanza kuzipunguza kwa tupa, kidogokidogo, pale tu palipo salama kupunguza, anapima, anapiga tupa, anapima. Jioni mbili nyumba nzima ilikuwa krr, krr, krr. Mama akiandika namba. Mwisho zote nne zikasoma sawasawa, na mume wangu akaniita nije nizione zikipanda mizani moja baada ya nyingine. Nilipiga makofi peke yangu pale jikoni, unga mkononi.

Kranki aliipeleka kwa mchonga vyuma, mzee mmoja mwenye mashine ya zamani kuliko yeye. Mzee aliipima, akaipima tena.

"Ukitaka leo, nitakupa ya leo," alisema. "Ukitaka nzuri, njoo Alhamisi."

Alhamisi aliikuta imechongwa, inateleza kama kioo. Malipo yakawa ni kumfufulia friza ya dukani kwa mkewe. Ndivyo tulivyojenga sehemu kubwa ya injini ile. Nusu ya vipuri vyetu vilitoka kwenye majokofu ya watu.

Kibanio cha kushikilia ringi wakati pistoni inaingia kwenye silinda, mume wangu alikitengeneza kwa kopo la maziwa ya unga na klipu ya mpira wa maji. Alizungushia pistoni, akapaka oili, akagonga taratibu kwa mpini wa nyundo, na pistoni ikazama kama droo ya kabati jipya. Alicheka peke yake, akaniangalia kuhakikisha nimeona. Niliona.

Silinda hedi, sehemu inayofunika silinda kwa juu, ndiyo iliyomtoa jasho. Uso wake wa chini ulikuwa umepinda kidogo kwa joto, na kupeleka kusawazishwa hatukuwa na fungu hilo. Akabandika msasa juu ya kioo cha meza, akaanza kuisugua hedi juu yake, mara mia upande huu, mara mia upande ule. Kisha anaweka rula ya chuma, anawasha taa nyuma yake. Mwanga ukipenya popote, bado. Wakati huo kikombe cha plastiki kilikuwa kimeshatolewa jichoni mwa mama.

"Tayari," mume wangu alisema. "Hakuna mwanga."

Mama akasogeza uso. "Kona ile. Upande wa tundu la mwisho."

"Sioni kitu, mama."

"Mimi naona."

Mume wangu akaangalia tena, akafuta macho, akaangalia. Uzi wa mwanga, mwembamba kuliko unywele. Mama alifurahi kupita kiasi. Alimpigia simu mdogo wake wa kike papo hapo: "Nimeuona mwanga kabla yake! Kwa jicho hilihili!" Mume wangu alirudi kusugua, mara mia upande huu, mara mia upande ule, na sikusikia akilalamika.

Klabu ilikuwa na sharti: kila gari jipya lifike kwenye ukaguzi Jumamosi kabla ya saa sita mchana, likitembea lenyewe kwa injini yake. Mashindano yenyewe yangefuata baada ya wiki tatu. Ukikosa ukaguzi, mwakani. Sisi tulifika Jumatano ya wiki hiyo injini ikiwa imeshafungwa hedi, bado tu bomba la kugawa hewa. Jumatano hiyohiyo nilimpeleka mama kliniki ya macho, na mume wangu akafanya kazi peke yake.

Alhamisi Kreni alikuja. Ndiyo, alikuja, na winchi yake na wabeba mizigo wawili, wakaitoa injini kwa mbinde kupitia mlango wa chumba, wakakwaruza fremu, wakaizungusha nyuma ya nyumba na kuishusha ndani ya gari. Mume wangu akaunga nyaya na mabomba hadi Ijumaa saa tisa alasiri. Oili ikatiwa. Maji yakatiwa. Betri ikafungwa. Kreni alikuwa amebaki kuona inawaka. Hata simu yake alikuwa ameitoa arekodi. Mume wangu akakaa kwenye usukani, ufunguo mkononi.

"Subirini," mama alisema.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake kivulini, vitambaa viko mapajani.

"Ni tisa."

Tulitafuta. Tulimwaga pipa la taka, tukapekua mifuko ya ovaroli, chini ya godoro, ndani ya beseni. Kitambaa namba saba hakikuonekana.

"Nilivihesabu Jumatano, mama," mume wangu alisema.

"Ulivihesabu, au ulivitazama?"

Akarudi kukaa kwenye usukani, ufunguo mkononi.

Kreni alijaribu kuokoa jahazi. "Mama, kitambaa tu hicho. Hata kikiwemo, si kitaungua kitoke na moshi? Kesho ndiyo ukaguzi. Shemeji, zungumza na mama."

Nilifungua mdomo. Nakiri nilitaka kusema awashe. Nilikuwa nimeshajiona kwenye kiti kile, na saa zilikuwa zinakwenda. Nilimtazama mama nikidhani atakuja juu. Hakuja juu. Alimwambia mume wangu kwa sauti ya chini kabisa, "Mgonjwa ni wako. Uamuzi ni wako."

Mume wangu aliutazama ufunguo ule. Kisha akatoka garini, akauweka kwenye kiganja cha mama, akachukua spana.

Kreni alitupa mikono juu, akaenda zake.

Mume wangu alianza kwa kutoa plagi, akaingiza taa ndogo na waya kwenye kila silinda. Hakuna. Akafungua kifuniko cha vali juu. Hakuna. Zikawa zimekwenda saa mbili, jua linashuka, na uso wake umekuwa mgumu. Kilichobaki ni bomba la kugawa hewa, ambalo kulifikia ilibidi afungue karibu kila kitu alichokifunga tangu Alhamisi. Nilimshikia taa. Bolti zikarudi kwenye bahasha zake moja moja, mama akiandika.

Bomba lilipoachia, kwenye tundu la kuingizia hewa la silinda ya tatu kulikuwa na weupe.

Mume wangu alikivuta kitambaa kwa koleo, polepole. Alikuwa ameziba matundu manne Jumatano ili vumbi lisiingie, simu ya mwenye bucha ikalia, friza imekufa na nyama ndani, akaondoa vitambaa vitatu haraka, akafunga bomba, akaondoka. Injini ingekivuta kile kitambaa kwa pumzi yake ya kwanza, na kazi yote ya konrodi, kranki na hedi ingekuwa chakavu tena.

Aliketi chini, mgongo kwenye tairi. Nadhani kama nisingekuwepo angelia.

Mama alichukua kitambaa, akakikunja juu ya vile vingine tisa.

"Mwaka wangu wa pili kazini," alisema, "pamba ilipungua moja. Daktari akaniambia nimekosea kuhesabu. Nikanyamaza." Alikuwa anaviangalia vitambaa, si sisi. "Mgonjwa alirudi baada ya wiki tatu. Alipona. Lakini alirudi." Akapumua. "Mimi nilinyamaza, wewe umefungua. Haya, mwanangu. Tufunge."

Miaka sita ya ndoa nilikuwa nimelingoja hilo "mwanangu", na alikuwa amelitoa kama mtu anayeomba chumvi. Mume wangu alisimama, akaenda kunawa.

Jumamosi saa tatu asubuhi alitoa plagi, akazungusha injini bila kuiwasha mpaka mshale wa presha ya oili ukapanda, kisha akarudisha plagi. Ufunguo akamwomba mama. Injini ilizunguka mara moja, mara mbili, ikakohoa, ikashika. Sauti ilijaa uani, nzito, imetulia, haina mgongano wowote ndani yake. Mume wangu aliweka kiganja juu ya kifuniko cha vali, akafumba macho akisikiliza. Majirani walichungulia juu ya ukuta. Mama alisimama kando yake, mikono nyuma, akiangalia geji.

Tulifika kwenye ukaguzi zikiwa zimebaki dakika ishirini. Mkaguzi alikuwa mtu mkavu, mwenye miwani kwenye ncha ya pua. Alifungua boneti, ambayo ilikuwa nyeusi juu ya gari la bluu kwa sababu ilitoka kwenye gari jingine. Akaangalia mikanda, mabomba, kila klipu. Akainama chini kutafuta uvujaji, akarudi na kidole kikavu.

"Nani amejenga hii?"

Namjua mume wangu. Akisifiwa kazi, husema "tumesaidiana" au "Mungu amejalia." Nilimwona anavuta pumzi.

"Mimi," alisema. "Nimeijenga mimi, nyumbani."

Mkaguzi alimtazama juu ya miwani, kisha akaweka muhuri.

Wiki tatu zilizofuata kazi ilikuwa yangu. Injini mpya haikimbizwi. Inataka kilomita nyingi za upole, vyuma vizoeane. Nani mpole barabarani kuliko mwalimu wa udereva? Kila alfajiri kabla ya wanafunzi wangu nilitoka nayo, nabadilisha gia mapema, sizidishi mizunguko, bajaji zinanipita na kunipigia honi. Mama aliketi pembeni yangu akifurahia kusoma kila kibao cha barabarani kwa sauti, hadi matangazo ya kupiga chapa. Mume wangu akamwaga oili mara mbili, akaichuja kwa kitambaa cheupe kutafuta unga wa chuma. Mara ya pili hakukuta hata chembe.

Siku ya mashindano tulikuwa magari ishirini na saba. Mengine yalishushwa kutoka kwenye malori, mafundi wamevaa sare. Jamaa mmoja wa gari jekundu aliuliza injini yetu imejengwa gereji gani, nikamwambia chumba cha wageni. Alicheka hadi akaegemea mlango.

Kila dereva alipewa mizunguko miwili. Wa kwanza niliuharibu. Miaka ya kufundisha watu upole ilinikaa mguuni, nikafunga breki mapema kila kona, na pipa moja nikaligusa. Nilirudi nimeinamisha kichwa. Mume wangu aliinamia dirishani.

"Umeisikia ikilalamika popote?"

"Hapana."

"Basi usiionee huruma. Nimeijenga ili ukanyage."

Mzunguko wa pili nilikanyaga. Mshale ulipanda, turbo ikaingia, nikabanwa kwenye kiti kama nimesukumwa na mkono wa mtu mzima. Kona ya kwanza nilichelewa breki kama nilivyokuwa nikisema miaka yote kule kwenye uzio kwamba ningechelewa. Gari likageuka. Pipa la pili, la tatu, nyuma panateleza kidogo na kurudi, na injini inavuta, inavuta, kila nilipoomba ikanipa na chenji ikabaki. Nilikatiza mstari nikiwa napiga kelele ndani ya helmeti maneno ambayo mama hajawahi kuyasikia kwangu.

Sekunde arobaini na moja na nukta mbili. Wa nne kati ya ishirini na saba. Gari jekundu lilikuwa la tisa.

Nilitoka, nikakaa kwenye nyasi na kuvua viatu. Mama alikuwa ameshawaeleza watu wote wa karibu. "Dereva ni binti yangu," nilimsikia akimwambia mwanamke mmoja aliyeshika mwavuli, "na injini kaifungua na kuifunga mkwe wangu. Kwa mikono yake. Mimi nilisimamia tu." Namna alivyosema "tu" ungedhani ndiye aliyekimbia.

Boneti nyeusi ilikuwa wazi, na kuizunguka kulikuwa na wanaume kama kumi, pamoja na wawili wenye sare na yule wa gari jekundu, mikono mfukoni, shingo ndefu. Mkaguzi naye alikuwepo. Katikati yao mume wangu, mtu ambaye kwenye harusi yetu alitoa hotuba ya maneno manne, alikuwa anaongea. Alionyesha kwa vidole jinsi tupa ilivyopita kwenye konrodi. Alieleza msasa na kioo. Akauliza mtu kama kuna kopo, akaletewa la soda, akaanza kulizungusha kwenye ngumi yake kuonyesha pistoni inavyoingia. Mtu mmoja alimwuliza namba yake ya simu, akaitaja bila kuacha kueleza.

Jua lilikuwa linachoma, na tulikuwa bado hatujala. Nilinyanyuka nimwite twende.

Mama alinishika mkono. "Mwache," alisema. "Mwache aongee."

Nikakaa tena, nikamsikiliza mume wangu.